Spana Namba Kumi na Saba

Sijawahi kupendelewa na mtu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Morogoro wapo wanaosema kwamba karakana yangu, na nyumba iliyo nyuma yake yenye vigae na tangi lake la maji, ni bahati ya Afrika Kusini. Bahati gani? Nilikwenda na begi moja, viatu vya kazi na stashahada ya ufundi mitambo niliyoipata nikiwa wa pili katika darasa letu, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mkufunzi. Nimerudi na mashine tatu za kuchonga vyuma ambazo hakuna mwingine aliye nazo kutoka hapa mpaka Msamvu. Anayeita hiyo bahati aende naye akaiokote.

Wakiniuliza kwa nini nilirudi, huwa nataja joto, au wizi, au mama yangu ambaye alikuwa mzima kabisa. Sasa nitaandika ilivyokuwa. Nilirudi kwa sababu ya fomu nilizosaini kwa mkono wangu, na kwa sababu ya kesi ya mtu mwingine.

Nilifika Durban mwaka 2008. Miezi ya kwanza nilitengeneza cherehani za akina mama wa soko la Warwick, chini ya daraja, huku nikilala chumba kimoja na Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akinyoa saluni ya jirani. Mume wa mteja wangu mmoja alifanya kazi Pinetown, kwenye kiwanda cha makasha ya karatasi ngumu. Aliniambia wana mashine kuukuu ya kukunja na kugundisha makasha ambayo ikinyesha mvua, au upepo wa baharini ukivuma na unyevu wake, inachana karatasi. Mafundi wao huifuta, huitukana, kisha hukaa kusubiri jua. Nikamwambia anipeleke.

Nilikwenda siku ya mvua, makusudi. Nikaisikiliza dakika kumi hivi. Rola ya kuingizia karatasi ilikuwa imelika upande wa kushoto. Karatasi zikivimba kwa unyevu, zilibanwa upande mmoja na kulegea upande mwingine, ndipo zinachanika. Nilikata kipande cha shaba chembamba kama wembe, urefu wa kidole gumba, nikakiingiza chini ya beringi ya kushoto nyuma ya kifuniko. Mashine ikakunja makasha mpaka jioni bila kuchana hata moja. Meneja, Mzungu mwekundu mwenye sauti ya kukoroma, akasimama pale akitazama kama mtoto kwenye sarakasi. Hakuniuliza nimefanya nini. Aliniuliza kama nina vyeti. Nikamtolea stashahada yangu, iliyokuwa ndani ya plastiki, kwa sababu nilitoka nyumbani nayo asubuhi ile. Nilijua nitaulizwa.

Ndivyo nilivyoajiriwa. Lakini nchi ile haimruhusu mgeni kuajiriwa kazi kama hiyo mpaka mwajiri aandike barua kwamba alimtafuta raia akamkosa. Barua yangu naijua kwa ghibu hadi leo. Ilisema kwamba ujuzi wangu ni adimu na kwamba hakuna raia aliyepatikana wa kuihudumia mashine ile. Kibali changu chote cha kuishi kilisimama juu ya barua hiyo moja, na kila kibali kilipokaribia kuisha iliandikwa upya. Nilipenda kuisoma. Sijui watu wangapi duniani wana karatasi yenye muhuri inayosema kwamba hakuna kama wao.

Mwaka 2011, ilipoandikwa upya, barua ilikuja na sharti. Ilinipasa kumfundisha raia kazi yangu, na kila baada ya miezi mitatu nijaze fomu ya kueleza amefikia wapi.

Raia niliyepewa alikuwa binti wa Kizulu wa kitongoji cha Umlazi, umri wake miaka ishirini na minane hivi, mfupi, mwenye miwani na cheti cha chuo cha ufundi cha kwao. Aliniita malume, yaani mjomba, ndivyo wanavyomheshimu mwanamume aliyewazidi umri. Mimi nilimwita dada. Alikuwa na daftari dogo kwenye mfuko wa ovaroli, akaniuliza maswali toka asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Mbona unakaza hii kabla ya ile? Mbona grisi hii na si ile? Nilimjibu yote. Sikumnyima kitu, isipokuwa kimoja.

Hapa lazima nieleze, maana wasiotoka kwenye ufundi wa kwetu hawataelewa. Fundi wangu wa kwanza, kabla sijaenda chuo, alikuwa akichonga mawe ya mashine za kusaga pale Kihonda. Kila alipofika mahali pa kuweka nafasi kati ya jiwe na jiwe, ambapo ndipo unga unapoharibika au kuwa laini, alinituma sigara. Na hakuwa mvutaji. Sigara zile aliziuza mojamoja jioni. Mwaka mzima sikuwahi kuiona mikono yake katika dakika ile, mpaka siku moja nilipozunguka nyuma ya kibanda nikachungulia kwenye tundu la bati. Kwetu ufundi hupatikana hivyo. Fundi anakupa vyote, la mwisho analiacha mkononi mwake, nawe ukilitaka unaliiba. Sikumchukia. Ningemdharau kama angenipa bure.

Basi nami nilifanya vilevile. Kila siku ya unyevu, asubuhi, nilipofungua kifuniko cha upande wa kushoto kukirudisha mahali pake kile kipande cha shaba, maana kilikuwa kinahama, nilimwambia yule dada, "Kaniletee spana namba kumi na saba." Stoo ilikuwa mwisho kabisa wa kiwanda, na mtunza stoo alikuwa mtu wa maneno mengi. Akirudi, kifuniko kilikuwa kimefungwa na mashine inaimba. Spana namba kumi na saba haina kazi yoyote kwenye mashine ile. Nati zake zote ni za kumi na tisa.

Siku moja alirudi nayo, akaitazama, akanitazama. "Malume, hii spana unaifanyia nini? Kila siku iko safi."

"Naishika mkononi," nikamwambia. "Inanituliza."

Akacheka. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Sasa fomu. Fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika raia yule amejifunza nini na anaweza nini. Mtu mwingine angeandika maneno mawili akasaini. Mimi nina kalamu nzuri, hata mkuu wa chuo aliwahi kusema. Niliandika kwamba kutokana na mafunzo yangu ya kiwango cha juu, ambayo hayapatikani katika chuo chochote cha mkoa ule, mfanyakazi huyu sasa anaweza kuitengeneza mashine yote, sehemu zote, katika hali zote za hewa, bila msaada wa mtu. Niliandika hivyo mara ya kwanza, na kila miezi mitatu nikaongeza sifa kidogo. Nilikuwa najisifu mimi, si yeye. Mwalimu mbovu ndiye anayeandika kwamba mwanafunzi wake bado. Miaka mitatu nilisaini fomu zile. Meneja alizipiga nakala, moja kwa serikali na moja kabatini.

Mwaka 2014 msimamizi wa mafundi alistaafu. Niliandika barua ya kuomba nafasi, kurasa mbili, na nakala ya stashahada. Siku ya tatu meneja aliniita, akanirudishia bahasha yangu ikiwa bado imegundishwa.

"Hii siwezi kuifungua, rafiki yangu," alisema. "Tuna mpango wa usawa. Nafasi hii ni ya raia, na ni ya kundi ambalo idadi yake hatujaifikia."

Mpango huo ulikuwa umebandikwa ukutani karibu na choo, ndani ya fremu ya kioo. Ulikuwa jedwali: Waafrika, machotara, Wahindi, Wazungu, wanaume huku, wanawake kule, wangapi wapo na wangapi wanatakiwa kila ngazi. Sheria yao iliwataka waajiri wafanye hivyo kurekebisha miaka ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa hata kushika spana. Safu ya mwisho kabisa pembeni, nyembamba, iliandikwa wageni. Chini yake palikuwa na moja. Huyo moja nilikuwa mimi. Nilikuwa mweusi kuliko nusu ya watu wa jedwali lile, na hesabu yao ilinipita kama upepo. Nawaambia ukweli, siku ile niliichukia ile karatasi kama mtu anavyochukia mtu.

Nafasi akapewa yule dada. Mwanafunzi wangu. Jumatatu alikuja amevaa koti jeupe la wasimamizi, lilikuwa refu mikononi, akalikunja.

"Malume," akasema, "sikuomba mimi. Waliniita."

"Hongera," nikamwambia, nikageuka nikaendelea na kazi yangu. Sikumwambia neno lingine mpaka Alhamisi.

Aliyelipuka hasa sikuwa mimi. Alikuwepo fundi wa Kihindi, mzaliwa wa Chatsworth, aliyekuwa na miaka kumi na tisa kiwandani pale. Alijua kwamba nafasi ni yake, mke wake alijua, mpaka mchinjaji wake alijua. Alikuwa na kidonda kingine cha zamani. Binti yake alifaulu masomo yake kwa alama za kutisha, akaomba udaktari, akaambiwa viti vya Wahindi vimejaa. Alipelekwa kusoma mambo ya maabara kule chuoni Westville, akawaona wenye alama za chini yake wakivaa makoti ya udaktari. Baba yake alizikariri alama zile kama namba ya simu yake. Sasa zamu yake naye imefika, imempita.

Aliniita bru, yaani ndugu, kama wanavyoitana Wahindi wa Durban. "Bru, baba yangu alifukuzwa kwenye nyumba yake kwa rangi yake. Mimi nilipanda basi la watu wa rangi yangu mpaka nina miaka ishirini. Wakati wa Wazungu sikuwa mweupe wa kutosha. Sasa si mweusi wa kutosha. Nitakuwa wa kutosha lini? Nikifa?"

"Mimi usiniulize," nikasema. "Mimi nipo safu ya mwisho, karibu na choo."

Akapeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi wa migogoro ya kazi, akachukua wakili. Wakili wake hakusema kwamba sheria ya usawa ni mbaya. Alijua hapo hatashinda. Alishika neno moja la sheria yenyewe, kwamba anayependelewa lazima awe na sifa zinazofaa. Akadai kwamba yule dada hawezi kuihudumia mashine ile kubwa, ambayo ndiyo roho ya kiwanda, na kwamba kila siku ya mvua anayeiamsha ni mgeni. Shauri lote likawa limebaki juu ya swali moja: anaweza, au hawezi? Na mtu wa kulijibu nilikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kutafutwa. Mhindi alininunulia chakula mchana, mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, wanavyopenda watu wa kule. "Sema kweli tu, bru. Sema spana ya kumi na saba. Unadhani mimi sijaona? Miaka yote nakutazama unavyomkimbiza stoo. Nikiwa msimamizi, utakaa hapa mpaka uzeeke."

Meneja naye aliniita ofisini. Fomu zangu zote zilikuwa mezani, zimepangwa. "Umeandika vizuri sana," akasema. Mara ya kwanza kunisifu tangu siku ya mvua ile. "Utakachofanya ni kuyarudia haya mbele ya msuluhishi. Kibali chako kinaisha Februari, siyo? Ukisema ukweli wako huu, barua ipo."

Jioni nilimweleza yule Mkongo kinyozi, ambaye bado tuliishi chumba kimoja. Alikuwa anapika, mgongo amenipa. Akazima jiko, akageuka.

"Weye kaka, ngoja. Ile papier, ile fomu, nani aliandika?"

"Mimi."

"Iko na signature ya nani?"

"Yangu."

"Sasa ukisema ule mwanamuke hajue, weye uliongopea serikali miaka tatu. Visa kwisha. Ukisema anajua, basi bakufanyie nini tena? Barua itasema hakuna muntu anaweza, na weye umeapa muntu iko." Akanitazama kwa huruma iliyonikera kuliko tusi. "Ulijifunga kamba weye mwenyewe, fundi. Na nœud, ile fundo, uliifunga muzuri."

"Meneja ameahidi," nikasema.

"Eh! Ameahidi. Basi kula ahadi, mi nile ugali."

Nilimwambia anyoe vichwa, mambo ya kampuni aniachie mimi. Nilimwona mtu wa saluni asiye na elimu. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo nilivyofikiri, na kwa sababu alikuwa sahihi.

Baraza lilikaa mjini, chumba kidogo chenye baridi ya mashine na meza ndefu. Msuluhishi alikuwa mama wa Kizulu mwenye nywele fupi za mvi, hakutabasamu hata mara moja. Upande mmoja meneja na mwanasheria wa kampuni. Upande wa pili Mhindi wangu, amevaa suti ya harusi ya mtu, na wakili wake. Yule dada alikaa peke yake mwisho wa meza, daftari mapajani. Niliulizwa kama nahitaji mkalimani. Nikasema Kiingereza changu kinatosha kumsaidia mkalimani mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Mwanasheria wa kampuni alisoma fomu zangu kwa sauti. Zote. Ni jambo la ajabu kusomewa maneno yako na mtu asiyeyapenda. Mafunzo ya kiwango cha juu. Hali zote za hewa. Bila msaada wa mtu. Nilipoyaandika yalinoga. Pale yalisikika kama mtu anayejiuza sokoni.

Kisha wakili wa Mhindi akasimama. "Shahidi, siku za unyevu mashine hii inahitaji marekebisho fulani. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Marekebisho hayo umemwonyesha mfanyakazi huyu?"

Mhindi aliinama mbele, macho yamemtoka. Meneja alikuwa anachezea kalamu. Yule dada hakunitazama mimi, alitazama mikono yangu.

Watu wanadhani niliogopa kibali. Niliogopa, sikatai. Lakini kilichoamua jibu langu hakikuwa hicho. Ningesema sikumwonyesha, pale pale ningekuwa mwalimu mwongo aliyesaini miaka mitatu asichokifanya, mgeni mjanja aliyekalia siri ili ale. Mzungu yule angeijua aibu yangu, na mama yule wa mvi angeiandika. Mimi, wa pili katika darasa letu.

"Nimemfundisha yote," nikasema.

"Yote?"

"Sikubakiza kitu. Ninavyofundisha mimi, mtu hahitaji kunirudia."

Maneno hayo ya mwisho hakuna aliyeniuliza. Niliyaongeza mwenyewe. Msuluhishi akayaandika, na nikaiona kalamu yake ikienda mpaka mwisho wa mstari.

Mhindi alishindwa. Uamuzi ulisema kwamba mpango wa kampuni ni halali na kwamba aliyeteuliwa anazo sifa zinazofaa, kwa ushahidi wa mwalimu wake. Kwenye korido alinisogelea mpaka nikaona mistari ya damu machoni mwake. Hakuniita bru.

"Wewe ni mwongo mwenye cheti," akasema. Akaenda zake.

Mwezi Januari nilikwenda kuchukua barua yangu. Meneja hakunikaribisha kiti. Alisema mwanasheria wao amekataa. Kampuni imethibitisha mbele ya baraza kwamba raia yupo, ana uwezo wote, na hahitaji msaada; haiwezi mwezi unaofuata kuiandikia serikali kwamba hayupo. "Ni ushahidi wako mwenyewe," akasema, akafungua mikono kama mtu anayeonyesha kwamba hana kisu.

"Uliahidi."

"Niliahidi ukisema ukweli. Wewe ndiye unayejua kama ulisema."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kizulu kile kidogo nilichokiokota barabarani, na nilipotoka nilipita pale kwenye jedwali karibu na choo. Walikuwa wamekwisha kulibadilisha. Chini ya wageni palikuwa na sifuri. Nilikuwa bado nina mwezi mzima wa kufanya kazi.

Siku yangu ya mwisho upepo ulitoka baharini toka alfajiri, unyevu umejaa mpaka kuta zinatoa jasho. Niliingia mapema kuliko wote. Nilifungua kifuniko cha kushoto, nikalegeza beringi, nikachomoa kipande changu cha shaba, nikakifuta kwa leso na kukitia mfukoni. Kilikuwa changu. Nilikikata mimi, kutoka kwenye shaba yangu. Hakuna sheria ya usawa inayosema nimwachie mtu.

Saa mbili mashine ikaanza kuchana. Yule dada akaja, koti jeupe limekunjwa mikono, akasimama karibu yangu.

"Malume. Kuna kitu hukunionyesha."

"Nimeapa mbele ya baraza kwamba nimekuonyesha vyote."

"Najua ulivyoapa. Nilikuwepo." Hakupandisha sauti. "Ulivyosema, nilipata kazi. Nakushukuru. Sasa nakuuliza mimi na wewe tu."

Nikamtazama. Miaka mitatu alinifuata na daftari lile. Kama angekuwa Kihonda, angeshazunguka nyuma ya kibanda zamani.

"Dada," nikasema, "kaniletee spana namba kumi na saba."

Alielewa. Niliona alivyoelewa, usoni. Hakwenda. Nami nikachukua begi langu, nikatoka, na mashine ilikuwa bado inachana nyuma yangu. Nilipokuwa nasubiri gari la kurudi mjini nilikuwa natabasamu.

Ndivyo nilivyorudi. Nikajenga karakana hii, nikapaka ukuta rangi ya samawati, nikaitundika stashahada mahali ambapo anayeingia lazima aione. Na kwa miezi kadhaa simu yangu sikuizima hata nikiwa msikitini. Niliiweka mtetemo tu. Nilijua watapiga. Nilishapanga nitakachosema. Kwanza nitaiacha iite. Mara ya pili nitapokea niseme nina kazi nyingi, wapige kesho. Mara ya tatu nitataja masharti yangu, na la kwanza ni kwamba Mzungu yule aombe mwenyewe, kwa mdomo wake. Kila nilipoona kwenye habari kwamba mvua zinanyesha Durban, nilikaa karibu na simu.

Mvua za mwaka ule zilipita.

Aliyepiga, mwishowe, alikuwa Mhindi. Hasira zake zilikuwa zimekwisha, au alikuwa amechoka kuzibeba. Alikuwa bado kiwandani, chini ya yule dada. Binti yake amepata kazi ya maabara. Tukazungumza habari za watoto. Mimi sikuweza kuvumilia zaidi.

"Na mashine?"

"Mashine gani, bru?"

"Ile kubwa. Siku za unyevu."

"Ah! Ile. Inaenda vizuri." Nikasikia anatafuna kitu. "Ulipoondoka ilisumbua siku mbili. Jumapili akaja na vijana wawili, wakaifungua yote chini, kila kipande. Chini ya beringi ya kushoto akaona mahali panang'aa, kama palikuwa na kitu. Akakata kopo la soda. Akajaribu unene mmoja, akajaribu mwingine. Jioni ilikuwa inakunja."

Nikaiweka chini tupa niliyokuwa nimeshika.

"Akachora, akaandika kila hatua, akabandika ukutani pembeni ya mashine. Sasa hata mfagiaji anaweza. Mimi nilikuwa nadhani ni uchawi, bru. Kumbe bati la soda!"

Alicheka, na nikamwacha acheke. Kisha nikamuuliza kama kwenye karatasi ile ya ukutani ameandika nani aliyegundua.

"Nani aliyegundua nini?"

"Ameandika jina la mtu yeyote?"

Akafikiri. "Hapana. Ameandika unene wa kipande, na spana ya kutumia. Kumi na tisa."

Nikamwambia nina mteja, nikakata.

Kipande changu kipo hapa mezani ninapoandika, juu ya kitambaa. Nimekipima tena leo. Ni shaba safi, kingo zake nilizilainisha kwa tupa ndogo ili zisile chuma, na unene wake ni sawa toka mwisho mpaka mwisho. Bati la kopo la soda halifikii mwaka, litasagika. Changu kingedumu miaka kumi.